Maswali na majibu: Kwa pikipiki hadi Bonde la Mibuyu

Tangu niseme kundi letu linashuka kutoka Iringa kwenda kuitazama mibuyu ya upande wa Ruaha Mbuyuni na kurudi siku hiyohiyo, nimepokea maswali mengi. Nayajibu haya.

Pikipiki yangu ni ya cc 125. Itafika?

Itafika. Ninachokihofia mimi si umbali, ni Kitonga. Mlima ule una kona kali, huku ukuta wa mwamba, kule bonde, na malori yanashuka taratibu hadi unasikia harufu ya breki zilizoungua. Shuka kwa gia ndogo, injini ikushikilie. Usiweke nyutro ili kuokoa petroli, tafadhali sana. Usiovateki kwenye kona hata kama wenzako wametangulia, tutasubiriana chini. Kabla ya kuondoka mwone fundi akukagulie breki na cheni.

Naweza kumpakia mke wangu?

Ndiyo, mradi naye awe na helmeti yake. Vaeni makoti: Iringa alfajiri ni baridi, bondeni mtayavua.

Nimeambiwa mibuyu ile ina miaka elfu tano. Kweli?

Hapana, ndugu yangu. Panke, mbuyu wa Zimbabwe uliopimwa ukaonekana mkongwe kuliko yote, ulikuwa na miaka kama 2,450 ulipokufa kati ya 2010 na 2011. Mbuyu huwa na uwazi ndani, kwa hiyo huwezi kuhesabu duara za shina kama kwa miti mingine. Wataalamu hupima kaboni ya vipande vya mti wenyewe. Mwaka 2018 walitangaza kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe zaidi Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake za kale zimeanguka ndani ya miaka kumi na miwili tu. Habari ile iliniuma. Ndiyo maana nawasihi twende tukaitazame yetu ingali imesimama.

Ukifika, weka kiganja kwenye gome. Ni laini, lina mikunjo kama ngozi ya tembo, na penye makovu ya waliobandua gome la kutengenezea kamba utaona gome jipya limejifunga. Kwenye baadhi ya mibuyu kuna vigingi vya mti vilivyopigiliwa hadi juu, ngazi ya warina asali. Ukiparura kidogo tawi lililoanguka, chini ya gome utakuta rangi ya kijani. Kwa kijani hicho mti hujitengenezea chakula hata kiangazi, majani yakiwa yamepukutika.

Tutaona maua?

Yakiwa katika msimu, tutayakuta chini. Hufunguka jioni, popo huyatembelea usiku, na kesho yake hunyauka.

Naruhusiwa kuchonga jina langu?

Usithubutu. Piga picha.

Tunarudi saa ngapi?

Saa nane mchana tunageuza, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vikiwa vimefungwa nyuma. Nataka wote tuwe tumeshaipanda Kitonga kabla jua halijazama.