Maswali na Majibu: Hisabati ya chuo cha jamii

Usajili wa vyuo vya jamii Marekani, vile vya miaka miwili, umekaribia, na sanduku langu limejaa maswali yale yale ya mwaka jana, mengi kuhusu mtihani wa kumpangia mwanafunzi ngazi ya hisabati.

Nimemaliza kidato cha sita Tanzania, nina C ya Advanced Mathematics. Chuo kimenipima, nikaangukia aljebra ya mwanzo. Nikubali tu?

Usikubali. Mtu aliyefanya kalkulasi anarudishwaje kwenye kujumlisha sehemu? Ulipeleka matokeo yako ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, yakiwa yametathminiwa kwa viwango vya Marekani? Najua hukupeleka. California ilipitisha sheria ya AB 705 mwaka 2017, na vyuo vya jamii vya huko sasa hupanga wanafunzi kwa alama zao za sekondari. Kwingineko vyuo vingi hutazama alama pia, lakini ukikaa kimya watatazama mtihani peke yake. Omba kuonana na mratibu wa hisabati, si yule wa dirishani.

Ukikubali, piga hesabu hii. Tuseme kuna ngazi tatu za kujazia, yaani kozi za kurudia hisabati ya sekondari kabla ya ile ya chuo, na kila ngazi wanafaulu saba kwa kumi. Wanaanza 100, wanabaki 70, kisha 49, kisha 34. Na hapo nimewapendelea, maana kuna wanaofaulu wasirudi: zamu ya ghala imebadilika, mtoto anaumwa. Krediti za ngazi hizo hazihesabiwi kwenye digrii, ila zinakula Pell Grant yako, ile ruzuku ya masomo ya serikali kuu, na hiyo kikomo chake ni mihula 12 ya kusoma muda wote, maisha yako yote.

Mdogo wangu ni mkali wa hesabu. Anaweza kunifanyia ALEKS, ule mtihani wa kupangiwa ngazi kwa kompyuta, nyumbani?

Anaweza. Na darasani mtakaa wawili kiti kimoja?

Mama yetu alifundisha shule ya msingi Bukavu miaka mingi, lakini kwenye mtihani wa kupangiwa ngazi amefeli vibaya maswali ya asilimia. Ni Kiingereza?

Si Kiingereza peke yake. Niliwahi kukaa na mama mmoja wa Uvira nikimtazama anavyokokotoa. Swali: kitu cha dola 1,250 kimepunguzwa bei kwa asilimia 20, kinauzwaje? Akaandika dola moja. Nikashangaa, mpaka aliponisomea kwa sauti: moja, koma, mbili tano sifuri. Shule za Kongo zilifuata uandishi wa Kibelgiji, ambako koma ndiyo inayotenga desimali. Kwake ile ilikuwa dola moja na robo. Toa asilimia 20, inabaki moja kamili. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja! Mashine ikamhesabia sifuri.

Mama yenu apewe wiki mbili za mazoezi kwa koma na nukta za huku, maili na futi, halafu arudie. Nanyi watoto mliompeleka siku hiyo hiyo aliyojiandikisha, bila hata swali moja la mazoezi, mjitazame.

Nataka unesi. Aljebra ya chuo au takwimu?

Mara nyingi takwimu, lakini soma masharti ya programu yako na ya chuo unachotaka kuhamia baadaye. Usimuulize binamu. Na ukibadili mawazo kwenda uhandisi, takwimu haitakufikisha kwenye kalkulasi.

Rafiki yangu yuko kampasi nyingine ya chuo chetu, kozi ile ile. Wao wanaruhusiwa kikokotoo, sisi hapana. Ni haki?

Si haki, na hapa mmenigusa kidonda. Walimu wengi wa vyuo hivi ni wa muda. Mtu anakabidhiwa kozi siku chache kabla ya muhula, anafundisha anavyokumbuka yeye. Dawa inajulikana: silabasi moja, mtihani mmoja wa mwisho, walimu wasahihishe pamoja. Nimekaa vikao vya jambo hili hadi chai ikapoa, na kila mara kuna anayelilia uhuru wa mwalimu. Eleza sehemu kwa chungwa au kwa chapati, huo ni uhuru wako. Kuruka logarithimu, halafu mwenzako muhula ujao akute darasa zima linamkodolea macho, huo ni uzembe.

Mwandikieni mkuu wa idara, mkiambatisha silabasi zote mbili.

Naomba majibu ya ACCUPLACER, ule mtihani mwingine wa kupangiwa ngazi.

Wewe ni wa tano mwezi huu. Mtihani huo hubadilisha maswali kadiri unavyojibu, kwa hiyo hakuna karatasi ya kuiba. Anayekuuzia huko WhatsApp anakuuzia hewa.