Kosa lako lipo kwenye alama ya kutoa

Mdogo wangu, swali lako ni hili: kigari cha kilo 2 kinakwenda mita 6 kwa sekunde, kinagongana uso kwa uso na cha kilo 1 kinachokuja kwa mita 3 kwa sekunde, vinashikamana; baada ya hapo vinakwenda kwa kasi gani? Umepata 5, kitabu kinasema 3. Kitabu kiko sahihi.

Umejumlisha momenta za vigari (kilo mara kasi), yaani 12 na 3, ukapata 15, ukagawa kwa kilo 3 za vyote viwili. Lakini momenta ina mwelekeo! Kabla ya kuandika namba yoyote, chora mshale na uamue upande upi ni chanya. Nikichagua kulia, anakoelekea kigari cha kwanza, kigari cha pili kina momenta ya −3. Kwa hiyo 12 − 3 = 9, na 9 ÷ 3 = mita 3 kwa sekunde, kuelekea kulia.

Hakiki hivi: kasi ya kigari kikubwa imeshuka kutoka 6 hadi 3, na kwa kilo 2 kimepoteza momenta ya 6. Kidogo kimetoka −3 hadi +3, kimepata 6. Kilichopotea huku kimeonekana kule.

Usijaribu kulitatua kwa nishati mwendo, maana haibaki ileile vigari vinaposhikamana. Kabla ya kugongana ilikuwa jouli 40.5, baada yake 13.5, jouli 27 zimegeuka joto, sauti na mbonyeo wa vyuma. Wengi niliowafundisha wananaswa hapo kuliko kwenye hesabu yenyewe.

Kuhusu mwelekeo, kwenye umeme ni vilevile: ukizunguka saketi, chagua mwelekeo mmoja wa mkondo na usiubadili katikati.