Kabla ya Kuupinga Wosia wa Baba

SWALI: Baba yetu, aliyekuwa mjane, alifariki akiwa ameacha wosia alioutia sahihi miezi minne kabla ya kifo chake, wakati ambapo tayari alikuwa akitumia dawa kali za kutuliza maumivu. Wosia huo, ambao tulisomewa mara moja tu, unampa kaka yetu mkubwa nyumba na kumteua kuwa msimamizi wa mirathi, ilhali mimi na dada zangu wawili tumeachiwa mali yote itakayobaki. Mmoja wa mashahidi wawili ni mke wa kaka. Tangu mazishi hatujaonyeshwa hati yoyote ya benki, na kila tunapouliza tunajibiwa kwamba mali sasa ni ya msimamizi. Tunataka wosia wote ubatilishwe. Je, tutafanikiwa?

JIBU: Poleni kwa msiba, na poleni zaidi kwa kuwa mnaomboleza huku mkitiliana shaka. Nawasihi msifungue kesi ya kuubatilisha wosia kabla hamjajiuliza ni nini kitakachochukua nafasi yake, kwa sababu kwa maelezo mliyonipa huenda wosia huo unawafaa ninyi kuliko mnavyodhani.

Tazameni suala la shahidi. Sheria ya Wosia ya Uingereza ya mwaka 1837, ambayo misingi yake ilienea katika nchi nyingi, inataka wosia ushuhudiwe na watu wawili waliopo kwa wakati mmoja, na inatamka kwamba zawadi aliyopewa shahidi, au mume au mke wa shahidi, ni batili. Kinachobatilika ni zawadi hiyo peke yake. Wosia wenyewe unabaki hai pamoja na vifungu vyake vingine, ukiwamo uteuzi wa msimamizi. Basi, ikiwa sheria inayowahusu inafuata kanuni hiyo, na ikiwa kaka na mkewe walikuwa wamekwisha kuoana siku wosia ulipotiwa sahihi, nyumba inatoka mikononi mwa kaka na kuingia katika mali inayobaki, ambayo mmeachiwa ninyi watatu. Mkiubomoa wosia wote, na kama hakuna wosia wa awali, mirathi itagawanywa kana kwamba baba hakuacha neno lolote, na kaka atarudi kudai fungu lake kama mtoto, nyumba ikiwamo. Zipo sheria zinazoiokoa zawadi ya namna hii iwapo walikuwapo mashahidi wengine wa kutosha wasionufaika, kwa hiyo mpelekeeni wakili nakala ya wosia aisome sahihi moja baada ya nyingine. Na ikiwa mirathi ya baba inaongozwa na sheria ya Kiislamu, hesabu ni nyingine kabisa: wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na kwa Masuni wosia kwa mrithi haupiti bila ridhaa ya warithi wenzake.

Kuhusu dawa za maumivu, ugonjwa peke yake haumwondolei mtu uwezo wa kuusia. Kipimo kinachotumiwa hadi leo katika mahakama nyingi kilitolewa Uingereza mwaka 1870 katika kesi ya Banks dhidi ya Goodfellow: je, mwenye kuusia alielewa anachokifanya, aliijua mali yake kwa ujumla, aliwakumbuka watu wenye haki ya kufikiriwa, na akili yake haikuwa imevurugwa na dhana za uongo zilizouathiri mgawanyo? Ushahidi wake hutafutwa katika kumbukumbu za hospitali na kwa aliyeuandika wosia, si katika hisia zetu sisi watoto. Vivyo hivyo kwa shinikizo: kumsihi baba si kosa, na anayedai kwamba alilazimishwa ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Jambo ambalo mna haki ya kulidai sasa hivi ni hesabu. Kauli kwamba mali ni ya msimamizi inapotosha, kwani msimamizi huishika mali kwa niaba ya wengine: anaikusanya, analipa gharama za mazishi, madeni na kodi, kisha anawagawia wanaostahili, na haruhusiwi kuichanganya na fedha zake. Mwandikieni barua, mkimpa muda maalumu, mkiomba nakala ya wosia, orodha ya mali na madeni, na taarifa za benki tangu siku ya kifo. Akikaidi, mahakama inaweza kumwamuru atoe hesabu, hata kumwondoa. Kama bado hajathibitishwa na mahakama, ulizeni mapema utaratibu wa kuweka pingamizi, maana muda wake huwa mfupi.

Nina ombi moja ambalo si la kisheria. Ikiwa mioyoni mwenu mnajua kwamba baba alitaka kweli kaka aipate nyumba ile, kosa la sahihi ya mkewe lisiwe rungu. Mbele ya mpatanishi mnaweza kukubaliana kwa maandishi mgawanyo mwingine, na sheria nyingi zinauheshimu mradi warithi wote ni watu wazima na wameridhia.

SWALI: Mjomba aliniwekea fedha mikononi mwa wadhamini, nipewe nikitimiza miaka 25. Nina miaka 21 na ninahitaji ada ya chuo. Je, ni lazima nisubiri?

JIBU: Inategemea maneno ya hati. Ikiwa fedha ni zako peke yako tangu mwanzo na umri umewekwa kuchelewesha malipo tu, kanuni ya Saunders dhidi ya Vautier ya mwaka 1841 inamruhusu mnufaika mtu mzima mwenye akili timamu kuzidai mara moja. Marekani, mahakama nyingi huikataa kanuni hiyo. Ikiwa hati inasema utazipata endapo tu utafikia miaka 25, na la sivyo ziende kwa mwingine, bado hazijawa zako. Hata hivyo hati nyingi huwapa wadhamini mamlaka ya kutoa sehemu ya fedha kwa ajili ya elimu, kwa hiyo waandikie ukiambatanisha barua ya chuo inayoonyesha ada, na uwaombe wakujibu kwa maandishi pamoja na sababu zao.