Kujazia seti ya Hornsea Saffron: sahani zilizopungua na kopo lenye kifuniko kilicholegea

Mkuu, umeuliza utapataje sahani mbili za Hornsea Saffron, vile vyombo vya mezani vya udongo vya Uingereza, na ufanye nini na kopo la sukari ambalo kifuniko chake kinacheza. Kiwanda cha Hornsea, kule Yorkshire, kilifungwa mwaka 2000, kwa hiyo vyote utakavyonunua ni vya mitumba.

Nianze na kopo. Kifuniko cha mbao kikicheza, mara nyingi mbao ni nzima, kilichokufa ni ule mpira unaoizunguka: umekauka, umepasuka au umekuwa kama gundi. Uvue taratibu, kwangua mfereji wake kwa kijiti (kisu kinachimba mbao), pangusa kwa spiriti, acha ukauke. Pima kwa vernia (kipimio chenye taya mbili) mdomo wa kopo kwa ndani na kipenyo cha mbao mferejini, kwa milimita, kisha tafuta mpira wa silikoni wa vipimo hivyo. Usichague mnene kupita kiasi. Kifuniko kitanasa, utakivuta kwa upande, na ukingo wa kopo utameguka. Mapengo mengi ya mdomoni huanzia hapo. Mbao usiiloweke kamwe.

Seti tatu za Hornsea, yaani Heirloom (1967), Saffron (1970) na Bronte (1972), zina maumbo yanayoshabihiana sana, hivyo kifuniko cha kopo la Bronte lililovunjika huweza kukufaa, ila vipimo kwanza. Kopo zima lenye kifuniko kibovu ni la kununua. Kopo lenye ufa lilipie bei ya kifuniko tu.

Kwenye sahani, shida kubwa ni rangi. Kahawia ya tanuri moja haifanani na ya tanuri nyingine, na picha za taa ya njano huficha tofauti hiyo. Omba picha ya mchana, sahani ikiwa kando ya karatasi nyeupe, pamoja na picha ya chini penye muhuri wa kiwanda. Mimi naona ni heri sahani nne zilizotoka nyumba moja kuliko mbili za wauzaji wawili.

Ukiishika mkononi, igonge kwa kifundo cha kidole, kisha gonga nyingine ya aina ileile. Yenye sauti butu ina ufa, hata kama huuoni. Mulika tochi kwa ulalo, pitisha ukucha ukingoni.

Alama za kijivu ni chuma cha visu, hutoka kwa bikaboneti ya soda na maji kidogo. Usisugue sana penye mchoro usiong'aa, kwani pale hakuna ule utando wa kioo unaokinga udongo. Jiki iache kabisa kwa chombo chenye nyufa za utando: chumvi yake hupenya, hukauka ndani na kuubandua.

Muuzaji akifungasha, kifuniko kisafiri nje ya kopo, kopo lijazwe karatasi, sahani zisimame wima, na ziwe boksi mbili, moja ndani ya nyingine, zenye sentimita 5 za kujazia katikati.