Kabla hujapanga nyumba Kigoma, uliza mwezi uko wapi

Kila msimu wa uhamisho sikosi simu ya mtu anayeulizia Kigoma. Mwalimu kapangiwa huku, muuguzi kapangiwa, mara mfanyabiashara anataka kufungua duka la vitenge. Maswali ni yale yale: kodi ya nyumba, mtandao, safari ya kutoka Dar. Hayo utayajua wiki ya kwanza tu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye maji ya kupwa na kujaa, na ninalomwambia kila anayekuja ni kwamba Ziwa Tanganyika ndilo linalopanga maisha ya huku: bei ya kitoweo, siku ya kusafiri, hata lini mdeni wako atakulipa.

Anza na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga ndio unaowakusanya juu ya wavu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima limeng'aa, taa ya mvuvi haina kazi, kwa hiyo vipe, yaani mitumbwi ya kuvulia dagaa, hupumzika. Siku hizo za mbalamwezi dagaa wabichi huadimika mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, Katonga na Kibirizi, bei inapanda, na utamsikia fundi cherehani, mama ntilie na mwenye duka wote wakilalama kwamba hela haizunguki. Giza likirudi, mji unachangamka. Basi nunua dagaa wakavu wa kuweka ndani wakati wa giza, na kabla hujatoa hela uliza walianikwa wapi. Wa kichanjani wana bei lakini ni safi. Wa chini ni nafuu, ila utawaosha mpaka uchoke na bado meno yatakuambia kuna mchanga.

Kuna kalenda nyingine pia. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kitoweo kikawa maharage, na walioweka dagaa mapema wakawa matajiri wa mtaa. Mimi naona uamuzi ulikuwa wa haki kwa ziwa, japo ukisema hivyo mwaloni chagua mtu wa kumwambia.

Jambo linalowashangaza wageni ni jua. Saa yetu ni ile ile ya Dar, lakini sisi tuko magharibi kabisa, kwa hiyo jua huchelewa kwetu kwa zaidi ya nusu saa. Asubuhi watoto wanakwenda shule bado kuna giza. Ramadhani ndugu zako wa pwani wameshafuturu, wanakutumia picha za tambi na kaimati, wewe bado unangoja adhana. Faida yake ni jioni: ukitoka kazini una nafasi ya kushuka ufukweni Bangwe kabla jua halijazama upande wa Kongo. Milima ya ng'ambo huonekana vizuri baada ya mvua. Kiangazi moshi na vumbi huificha, utadhani ziwa halina mwisho.

Nyumba ya kando ya maji inavutia, lakini nenda taratibu. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ufukweni, na miaka ya karibuni ziwa limepanda na kuingia kwenye makazi ya watu. Usimwulize dalali. Muulize bibi wa jirani maji yalifika wapi. Mtu wa biashara atapenda mtaa wa Mwanga kwa sababu ya soko. Mimi napenda Ujiji, mji wa zamani wenye maembe, misikiti na vibaraza, ambako mgeni hapiti bila kusalimiwa.

Na hapa kwenye watu ndipo ningependa ukae kidogo. Kuna Waha, Wamanyema, Wabembe, Watongwe, kuna wenye shangazi Bujumbura na mjomba Kalemie. Ziwa hili ni la nchi nne, na koo zilikuwa zikivuka kabla mpaka haujachorwa. Kwa hiyo usimtanie mtu wa Kigoma kwamba ni Mrundi au Mkongo. Kwako ni mzaha, kwake huenda ni siku aliyoshushwa kwenye basi akaambiwa athibitishe uraia wake mbele ya abiria. Nimeona mfanyakazi mgeni akiupoteza urafiki wa ofisi nzima kwa utani huo mmoja, naye mpaka anahama hakujua kilichotokea. Wewe wasalimie wakubwa shikamoo, jifunze kumwambia mama wa sokoni "mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, kula ugali wa muhogo na samaki mgebuka aliyepikwa kwa mawese. Ukialikwa usikatae sahani.

Kuogelea, ogelea. Maji ni baridi ya kupendeza na hayana chumvi. Ila epuka sehemu zilizotulia zenye majani, kwa sababu ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na kama ni pwani usiyoijua uliza kwanza habari za mamba. Wenyeji hawakudanganyi katika hilo.

Boti za vijiji vya kaskazini huondoka Kibirizi mchana, wachuuzi wakishamaliza soko. Kiangazi upepo wa kusi huamsha mawimbi ambayo mtu wa bahari huyadharau mpaka ayaone: ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470. Vaa jaketi la kuokolea hata kama wenzako wamelikalia, na nahodha akisema leo hapana, usimbembeleze.

Boti hizo hizo hupita Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960. Wapo watu waliozaliwa Mwanga ambao hawajawahi kwenda, eti ni kwa wazungu, wakati Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Nenda na viatu vya kushika vizuri, maana milima yake ni mikali, na chakula kifungie ndani, nyani wa pale ni wezi wazoefu. Ukiamka na mafua au kikohozi, ahirisha. Sokwe huambukizwa maradhi yetu na huweza kufa kwa homa ambayo wewe unaitibu kwa chai ya tangawizi.