Valini ya Nafasi ya 6 Inagusana na Nini? Jibu kwa Msomaji wa Kisumu

Swali: Mwalimu, pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika biokemia, na tasnifu yangu inahusu hemoglobini ya selimundu (hemoglobini S), ugonjwa ambao familia nyingi za huku kando ya ziwa zinaujua kwa karibu. Nilipakua muundo wa hemoglobini ya kawaida na ule wa hemoglobini S, nikachukua mnyororo mmoja wa beta kutoka kila faili, kisha nikaandika programu fupi ya Python inayotafuta kila jozi ya asidi amino ambazo kaboni alfa zake, yaani atomu za kaboni zilizo kwenye uti wa mgongo wa mnyororo, ziko umbali wa angstromu 8 au chini ya hapo (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Ramani mbili za migusano nilizopata zinafanana karibu kabisa, na valini ya nafasi ya 6 inaonekana kugusana na majirani zake tu. Msimamizi wangu ananiuliza badiliko liko wapi. Je, kikomo changu cha umbali ndicho kibaya? Nitumie kipi?

Jibu: Kikomo chako kina upungufu, na nitakieleza, lakini sicho kilichokuficha badiliko unalolitafuta. Ulichokosa ni molekuli ya pili. Mgusano unaoleta selimundu haumo ndani ya mnyororo wa beta, wala haumo ndani ya hemoglobini moja. Uko kati ya hemoglobini moja na nyingine, na kwa hiyo programu iliyopewa mnyororo mmoja peke yake haiwezi kuuona hata ukibadilisha kikomo mara ngapi.

Badiliko lenyewe unalifahamu: asidi glutamiki, yenye chaji hasi na inayopenda maji, imeondolewa katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta na mahali pake pakachukuliwa na valini, isiyopenda maji. Nafasi hiyo iko kwenye uso wa nje wa molekuli, mbali na moyo wa protini ambako mkunjo wake hushikiliwa, na ndiyo sababu mnyororo hujikunja vilevile uwe na asidi glutamiki au valini. Ramani zako zikifanana, basi zinasema kweli. Hemoglobini inapoachia oksijeni, minyororo yake hujipanga upya kwa namna inayowezesha valini ya molekuli moja kuingia katika kishimo kidogo kisichopenda maji kwenye mnyororo wa beta wa molekuli jirani, kishimo ambacho kuta zake kuu ni fenilalanini ya nafasi ya 85 na lusini ya nafasi ya 88. Kishimo hicho kipo pia katika hemoglobini ya kawaida. Kinachokosekana huko ni kitu cha kuingia, kwa kuwa asidi glutamiki yenye chaji haikai katika mahali pa namna hiyo.

Basi rudi kwenye Protein Data Bank, hifadhidata ya miundo ya protini, na uchukue muundo wenye alama 2HBS, hemoglobini S isiyo na oksijeni, uliochapishwa mwaka 1997 kwa ubainifu wa angstromu 2.05. Ndani yake mna tetrama mbili, yaani hemoglobini mbili kamili, zenye minyororo minane iliyopewa herufi A hadi H. Usikate mnyororo wowote. Angalia pia kwamba hukupakua faili lenye tetrama moja tu, maana baadhi ya mafaili huandaliwa hivyo ili kuonyesha umbo ambalo protini inalo ndani ya seli. Kisha tumia ChimeraX au PyMOL, programu za kutazama miundo ya molekuli, kutengeneza nakala jirani za fuwele ambayo muundo ulipimwa kwayo, kwa sababu faili huandika sehemu isiyojirudia peke yake, na baadhi ya migusano huangukia kati ya sehemu hiyo na nakala yake.

Hapa yafaa niweke tahadhari ambayo kwa protini nyingine ningeitilia mkazo zaidi. Kwa kawaida migusano kati ya molekuli katika fuwele haistahili kuaminiwa upesi, kwani mingi hutokana na jinsi molekuli zilivyobanana wakati fuwele ilipokuwa ikikua na haina maana yoyote ndani ya mwili. Hemoglobini S ni tofauti. Katika fuwele hii molekuli zimejipanga kwa nyuzi pacha, na nyuzi pacha za namna hiyo saba, yaani nyuzi 14 kwa jumla, ndizo zinazounda ufumwele unaoipinda seli nyekundu ya damu. Ni bahati ambayo mtafiti wa protini haipati mara nyingi, na katika tasnifu yako itaje waziwazi, ili msomaji ajue kwa nini umeiamini fuwele.

Sasa tuje kwenye kikomo. Umbali kati ya kaboni alfa ni kipimo cha uti wa mgongo wa mnyororo, si cha mgusano wa kweli. Valini ya nafasi ya 6 imo katika heliksi (mkunjo wa umbo la skrubu) ya kwanza ya mnyororo wa beta, na ndani ya heliksi alfa yoyote kaboni alfa ya kizio kimoja, yaani asidi amino moja ya mnyororo, iko takribani angstromu 3.8 kutoka kwa kile kinachofuata, 5.4 kutoka cha pili, 5.0 kutoka cha tatu na 6.2 kutoka cha nne. Zote ziko chini ya 8. Ina maana kwamba programu yako ingetoa orodha ileile ya nafasi za 7, 8, 9 na 10 hata kama pale pangekuwa na alanini au laisini. Kuzihesabu kuwa migusano ni sawa na kuwahesabu watu wa nyumba moja kuwa wageni waliotembeleana. Upande wa pili, vizio viwili vyenye minyororo mirefu ya pembeni, kama vile arginini na asidi glutamiki, vinaweza kushikana kwa ncha zao huku kaboni alfa zao zikiwa zimepitana zaidi ya angstromu 8, na programu yako ikavipita bila kuviona.

Kwa swali lako, pima atomu zote isipokuwa haidrojeni, na useme vizio viwili vinagusana iwapo atomu yoyote ya kimoja iko ndani ya angstromu 4.5 ya atomu yoyote ya kingine. Sababu si mazoea tu. Kaboni ina nusu kipenyo cha karibu angstromu 1.7, hivyo kaboni mbili zinazogusana bila kuungana kwa bondi hukaa karibu 3.4 hadi 4, na 4.5 huacha nafasi kidogo kwa ajili ya makosa ya upimaji. Haidrojeni huachwa kwa sababu eksirei haizionyeshi katika ubainifu huu. Kipimo cha kaboni beta (kaboni ya kwanza ya mnyororo wa pembeni) ndani ya angstromu 8, kwa kutumia kaboni alfa pale penye glaisini, ni kizuri kwa wanaotabiri mikunjo ya protini, lakini hakitakuambia nani ameshikana na nani kishimoni. Ukitaka kuzitenga bondi za haidrojeni, tazama oksijeni na naitrojeni zilizo ndani ya 3.5; kwa vifungo vya chaji, 4 kati ya oksijeni ya asidi na naitrojeni ya besi ndicho kikomo kinachokubaliwa na wengi.

Tetrama moja ina vizio 574, na mbili zina 1,148, jambo linalofanya jozi 658,378 za vizio, kila jozi ikiwa na atomu nyingi za kulinganishwa. Usizizungukie moja moja. Biopython, maktaba ya Python kwa kazi za biolojia, ina NeighborSearch, ambayo hupanga atomu kwa mti wa utafutaji na kukuletea zilizo karibu peke yake. Kutokana na matokeo, baki na jozi ambazo kizio kimoja kiko katika tetrama ya kwanza na kingine katika ya pili, halafu tafuta zenye nafasi ya 6 ya beta. Tarajia kuona 85 na 88, na alanini ya nafasi ya 70 karibu nazo. Hatua chache kutoka hapo tafuta threonini ya nafasi ya 4 ikishikana kwa bondi ya haidrojeni na asidi aspatiki ya nafasi ya 73 ya molekuli jirani. Usishtuke ukiona kwamba kati ya valini mbili za kila tetrama ni moja tu iliyoingia kishimoni. Ndivyo ilivyo katika ufumwele.

Kuna mtego wa hesabu za nafasi ambao huwakamata wengi. Faili la 2HBS huhesabu mnyororo uliokomaa, wenye vizio 146, ambao valini yake ni ya 6. Hifadhidata za mfuatano na ripoti za jeni huanza na methionini ambayo seli huiondoa baadaye, hivyo valini huwa ya 7, na kishimo huhamia 86 na 89. Chagua mfumo mmoja na uutaje ukurasa wa kwanza wa mbinu zako. Molekuli za maji na hemu (sehemu yenye chuma inayoshika oksijeni) uziondoe kwenye hesabu ya jozi za asidi amino, na pale atomu inapoandikwa katika mikao miwili, chukua ule ambao faili limeupa sehemu kubwa zaidi (occupancy).

Kwa upande wa hemoglobini ya kawaida, tumia 2HHB, ambayo nayo haina oksijeni. Ukilinganisha na yenye oksijeni utachanganya athari mbili. Ningekusihi pia uongeze hemoglobini ya kijusi, ya mtoto aliye tumboni. Minyororo yake ya gama, iliyo mahali pa ile ya beta, ina glutamini katika nafasi ya 87, penye threonini katika beta, mlangoni kabisa mwa kishimo, na hiyo ni mojawapo ya sababu kwamba inazuia ufumwele kuundwa. Badiliko hilohilo la 87 limewekwa makusudi katika jeni ya beta inayotumiwa kwa tiba ya jeni ya selimundu. Sura moja ya tasnifu inaweza kujengwa juu ya nafasi hiyo.

Muundo uliotabiriwa wa mnyororo mmoja hautakusaidia hapa, kwa sababu ileile iliyozifanya ramani zako zifanane. Endesha programu mara tatu, kwa 4, 4.5 na 5, na uripoti migusano inayobaki katika vikomo vyote. Ramani zako za kwanza usizitupe: mpelekee msimamizi wako pamoja na orodha mpya, ya kwanza ikiwa ushahidi kwamba mkunjo haukubadilika na ya pili ikionyesha mahali badiliko lilipo.