Waliniita Digrii: kwa nesi mgeni anayenuniwa wodini

Wiki ya kwanza nilikuwa na jina langu. Wiki ya pili nikawa Digrii. "Digrii, dripu ya kitanda cha sita imeisha." "Muulizeni Digrii, si ndiye msomi?" Nikiingia chumba cha wauguzi mazungumzo yanakatika, mmoja anakumbuka ghafla kwamba hajafunga kabati, mwingine anainamia simu.

Nilikuwa nimetoka Muhimbili, miaka minne ya chuo na mwaka mmoja wa intaneshipu, leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ikiwa kwenye bahasha ya kaki, nimepangiwa hospitali moja ya wilaya Nyanda za Juu Kusini. Mtoto wa Tanga mimi, baridi ya Juni kule sikuwa nimeambiwa. Wodi ya watoto, wauguzi wawili kwa zamu ya usiku, na siku mbaya mmoja. Jioni moja nikampigia dada yangu nikalia: wananionea wivu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Una nini cha kuonewa wivu, hilo sweta?"

Nilimkasirikia, lakini swali lake ndilo lililonisaidia kuliko semina zote nilizokwenda baadaye. Sisi wauguzi wageni tuna haraka ya kusema wivu. Ni neno tamu, kwa sababu linakuacha wewe bila kosa. Ukilisema, umeshamaliza kufikiri.

Basi nikaanza kuwaangalia mmoja mmoja. Mkubwa wao, ambaye wodi nzima ilimwita Mama Wodi, alikuwa muuguzi wa cheti na alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na kitu. Mimi nilipoingia tu, daraja langu la mshahara lilikuwa juu yake. Yeye ndiye aliyenionyesha oksijeni inafunguliwa wapi, halafu mwisho wa mwezi mimi napokea zaidi. Wewe ungecheka naye? Wa pili alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kusoma, ameambiwa asubiri, na nafasi aliyodhani ikijazwa ataruhusiwa nilikuwa nimeijaza mimi, naye bado yuko pale pale. Wa tatu sikumjua sababu, na mpaka leo siijui.

Huyo Mama Wodi, lakini, nilikuwa nimemkosea mwenyewe, tena mapema kabisa.

Aliletwa mtoto wa kilo kumi, malaria kali, amelegea. Mama Wodi akachanganya artesuneti, akavuta mililita 2.4 kwenye bomba la sindano. Mimi nilikuwa pembeni nashika mkono wa mtoto. Hesabu ikapiga kichwani: kila mililita ya mchanganyiko ule ina miligramu 10, kwa hiyo hiyo ni miligramu 2.4 kwa kila kilo, dozi waliyofundishwa zamani. Tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015, mtoto aliye chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kilo, kwa hiyo huyu alistahili mililita 3. Nikasema hivyo hivyo, kwa sauti, mama wa mtoto akiwa amesimama hapo na kanga yake mdomoni: "Sista, hiyo ni dozi ya zamani."

Mama Wodi hakubisha. Akaangalia bomba, akaongeza, akachoma taratibu, akaandika. Mtoto akapata dozi sahihi. Lakini saa kumi na mbili baadaye, dozi ya pili ilipofika, yule mama alimkunja mwanawe kifuani akamwambia Mama Wodi, mbele ya wodi nzima: "Nasubiri yule dada anayejua."

Nilikuwa sahihi kwenye mililita. Nilichokosa ni sekunde tano za kusema, "Shikamoo mama, hebu njoo mara moja tuangalie hii chati," tukasogea hatua tatu hadi kwenye trei. Dawa bado haikuwa imeingia mwilini, muda ulikuwepo. Ingekuwa sindano imeshagusa kanula, kile kimrija cha mshipani, hapo ningesema simama, na ningelisema mbele ya yeyote. Tofauti ya hali hizo mbili ndiyo ninayowaambia wageni kwanza. Ukiona hatari iko mlangoni, usiogope sura ya mtu. Ukiona bado kuna nafasi ya kumvuta mwenzio kando, mvute.

Kumwomba radhi kulinichukua miezi miwili, na sikufanya kwa ujasiri. Ilikuwa saa nane usiku, mtoto wa miezi saba anaharisha na kutapika, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inakaa. Nimejaribu kanula mara mbili, mishipa imejificha yote. Nikamfuata Mama Wodi. Nikamwambia, "Mama, nimeshindwa. Naomba unisaidie mshipa." Alikuja bila kusema kitu. Akakata glavu akaufunga mguu wa mtoto, akazima tochi niliyokuwa nimeishika. Kisha akafumba macho, kidole cha shahada kikitembea juu ya kifundo cha mguu huo kama anayesoma maandishi madogo. "Usiutafute kwa macho. Unabonyea na kurudi kama mpira, ukiusikia usiuache." Damu ikarudi kwenye kanula mara moja. Nikamwambia hapo hapo, huku nabandika plasta, kwamba siku ile ya artesuneti sikumtendea vizuri. Akasema, "Funga vizuri hiyo, isitoke." Basi. Kesho yake aliniita kwa jina langu.

Sisemi kwamba kila aliyekununia ukimwomba akufundishe atalainika. Ila mtu mwenye miaka ishirini kazini ana kitu mkononi ambacho chuo hakikukupa, na ukimwomba kwa sababu unakihitaji kweli, anajua. Ukimwomba kwa kujipendekeza, anajua pia.

Kwenye kujipendekeza nina la kusema, maana nilianguka humo. Hospitali ilipoanza kuingiza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta, wenzangu wengi wakubwa walihangaika. Nikaona mwanya wa kupendwa. "Sista, niachie, nitakuingizia." Mwisho wa mwezi nilikuwa na nywila za watu watatu kichwani, nabaki saa nzima baada ya zamu nikiandika huduma ambazo sikuzitoa mimi, kwa majina yasiyo yangu. Nikapata jina jipya: Karani. Na hatari niliyokuwa nayo sikuiona mpaka inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, aliponiuliza nani aliandika kwamba mtoto fulani amepewa dawa ambayo bado ilikuwa kwenye trei. Usiandike kwa nywila ya mtu. Usisaini dozi hujaitoa. Kila muuguzi ana namba yake ya usajili, na siku ya kujieleza mbele ya Baraza hakuna atakayekuja kusema, huyu alikuwa anatusaidia tu. Nilichofanya baada ya hapo ni kuvuta kiti pembeni ya mwenzangu, yeye anabonyeza, mimi naelekeza. Ilikuwa polepole mno, mmoja alinitukana kidogo, lakini uchungu ukapungua, maana sasa alikuwa anajua.

Sasa yule wa tatu. Huyu hakuwa na kinyongo cha kunong'ona. Alikuwa anakabidhi wodi kwa neno moja, "Salama," na kuondoka, kisha nikipita nakuta dozi ya saa kumi na mbili jioni haina saini, dripu imeganda, mtoto wa pembeni hajapimwa joto tangu mchana. Asubuhi kwenye ripoti inaonekana ni mimi. Mara ya kwanza nililia chooni. Mara ya pili niligombana naye kwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wodi, kosa la kijinga, maana watu walisoma ugomvi, hawakusoma dozi.

Mara ya tatu nikabadilika. Nikamwambia kwa upole kwamba mimi siwezi kupokea wodi kwenye kiti, naomba twende kitanda kwa kitanda. Akasonya, tukaenda. Kila kitanda, faili mkononi: huyu amepewa, huyu bado, huyu palipo na kanula pamevimba. Ambacho hakikufanyika nakiandika kwenye kitabu cha ripoti na saa, bila neno lolote la hasira, "dozi ya saa 12 haikutolewa, nimetoa saa 1:40, daktari wa zamu amejulishwa." Hiyo si kumchongea mtu. Ni taarifa ya mgonjwa. Ilipojirudia tena nikaenda kwa inchaji na kile kitabu, kurasa nimezikunja pembe. Sikusema ananichukia. Nilisema tarehe. Ingeshindikana hapo ningepanda kwa metroni, mkuu wa wauguzi wote, na baada yake mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali. Ukiruka ngazi, kesi inageuka kuwa ya utovu wako wa nidhamu.

Rosta vivyo hivyo. Mgeni kubebeshwa usiku ni jambo la kawaida kiasi, kubali sehemu yake. Mimi nilianza kuhesabu kwenye shajara yangu, na nilipoona mwezi umeisha nina usiku kumi na sita na wenzangu sita au saba, nilimpelekea inchaji karatasi ile badala ya machozi. Alishangaa kweli. Rosta alikuwa amemwachia mtu aipange na hakuwa akiitazama.

Mambo madogo: toa mchango wa chai hata kama hunywi. Salamu, hata asiyeitikia. Umbea wa mwenzako dhidi ya mwenzako ukiletewa, una "Eh, pole" moja tu ya kutosha, halafu una mgonjwa wa kwenda kumwona. Na usimhadithie mama wa mgonjwa shida zenu, hata akikuuliza kwa huruma.

Nilikaa pale miaka mitatu. Yule wa tatu hakuwahi kunichekea. Tulipita vitanda pamoja asubuhi na jioni, yeye akitaja, mimi nikiandika, na dozi za watoto zikawa zinatoka kwa wakati. Siku nahama, Mama Wodi alinifungia maharage kilo tano kwenye mfuko wa rambo. Yule wa tatu aliniuliza kitu kimoja tu, kama funguo za kabati la dawa nimeshamwachia inchaji. Nikamwambia ndiyo, na nimesaini.